Mpiganaji anayenyemelea: kuchanganya fani bila kupoteza makali

Fungua kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons za mwaka 2014, sehemu ya mpiganaji, utazame orodha ya stadi anazoruhusiwa kuchagua. Zipo nane: sarakasi, kutuliza wanyama, riadha, historia, kusoma nia za watu, kutisha, utambuzi na kuishi porini. Kunyemelea hakumo.

Hilo halikutokea kwa kusahau. Mchezo ulipotolewa mara ya kwanza mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na fani tatu tu, yaani aina za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliingia mwaka uliofuata, 1975, kupitia kitabu cha nyongeza, na tangu hapo kazi ya kutembea bila kusikika ikawa yake. Anayetaka mpiganaji wa kuvizia anaomba kitu ambacho mchezo umekigawa makusudi, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Njia ya kuziunganisha nusu hizo ni kuchanganya fani, na hapo ndipo wahusika wengi wazuri huharibika.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu majina. Majina ya Kiswahili nitakayotumia ni yangu, lakini kila kanuni nitaieleza inafanya nini, kwa hiyo mwenye kitabu mkononi ataitambua. Yule mwizi wa 1975 siku hizi ana jina pana zaidi. Mimi nitamwita ayari, neno letu la zamani la mtu mjanja usiyemwachia mfuko wako. Msingi wa hesabu zangu ni kanuni za 2014, na pale zile zilizorekebishwa 2024 zinapobadilisha jibu, nitasema.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue anapelekwa wapi: mpiganaji anayenyemelea anapaswa kujificha kabla ya vita, si ndani ya vita. Karibu kila uamuzi wa kumjenga unatokana na hapo.

Bei ya kila daraja

Mhusika hupanda kutoka daraja la 1 hadi la 20, na kila anapopanda, mchezaji huchagua fani ipi ipokee daraja hilo. Kuna namba moja tu muhimu inayofuata jumla ya madaraja yote: nyongeza ya umahiri kwenye marusho ya mambo anayoyamudu mhusika, ambayo huanza na +2, hupanda kuwa +3 daraja la 5, na hufika +6 daraja la 17. Mambo mengine matamu karibu yote hufuata daraja la fani yenyewe.

Matokeo yake yanauma. Chukua mpiganaji wa 3 aliye pia ayari wa 3. Ni mhusika wa daraja la 6, lakini hajapata hata nafasi moja ya kuongeza alama za uwezo (Nguvu, Wepesi, Siha, Busara na nyingine), kwa kuwa nafasi ya kwanza katika fani zote mbili iko daraja la 4. Mpiganaji halisi wa daraja la 6 amekwisha kupata mbili. Tena huyo mpiganaji halisi anashambulia mara mbili kwa kitendo kimoja tangu daraja la 5, na huyu wetu bado anapiga mara moja. Kwenye karatasi anavutia, ana vipengele vya pande zote mbili. Mezani yuko nyuma ya kila mtu.

Kibali cha kuchanganya, kwa bahati, hapa ni rahisi kuliko kwingi. Ayari anadai Wepesi wa alama 13. Mpiganaji anadai Nguvu 13 au Wepesi 13, chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo alama moja, Wepesi, inafungua milango yote miwili, na Nguvu unaweza kuiacha na 8 bila majuto makubwa. Msasi na mtawa, ambao nao wana mbinu za gizani, wanadai Wepesi 13 pamoja na Busara 13. Si mzigo mzito, ila ni alama ambazo zingekwenda kwenye Siha.

Pigo lenye jina la uongo

Kinachomvuta mpiganaji kwa ayari ni lile pigo la kushtukiza. Mara moja katika zamu, ukimpata adui kwa silaha ya mbali au kwa silaha ya mkononi inayotegemea wepesi, unaongeza dadu za pande 6 kwenye madhara: moja ukiwa ayari wa 1, mbili ukiwa wa 3, tatu ukiwa wa 5, na kuendelea hivyo.

Jina ndilo linalopotosha. Wachezaji wapya, na wengine si wapya hata kidogo, huamini kwamba ili pigo hilo likubali lazima kwanza ujifiche. Kanuni haisemi hivyo. Inasema uwe na nafuu kwenye rusho lako, yaani unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Au, kama huna nafuu, adui mwingine wa huyo unayempiga awe amesimama ndani ya futi 5 kutoka kwake, akiwa na uwezo wa kupigana, mradi wewe huna kikwazo, ambacho ni kinyume cha nafuu. Basi. Mwenzako mwenye ngao akishamkabili zimwi uso kwa uso, dadu zako za ziada zinakusubiri mchana kweupe. Hakuna aliyeshtukizwa.

Sasa angalia kinachotokea mtu asipolijua hili. Nimemwona mchezaji mwenye mpiganaji wa 5 na ayari wa 2 akitumia kila raundi kurudi nyuma ya nguzo, kujificha, kutokeza, kupiga. Alikuwa anapata nafuu, ndiyo, lakini kwenye shambulio la kwanza tu. Ukishashambulia kutoka mafichoni, umegusa au umekosa, umeonekana. Shambulio la pili linakwenda bila nafuu yoyote. Ayari halisi hana shida na hilo kwa sababu ana pigo moja kubwa, na nafuu moja inamtosha. Mpiganaji ana mapigo mengi ya wastani, na maficho yanamhudumia la kwanza peke yake.

Hapo ndipo fani hizi mbili zinapogongana, na ni mgongano ambao vitabu havikuonyeshi mahali popote kwa maandishi. Nguvu ya ayari ni rusho moja lililoandaliwa vizuri. Nguvu ya mpiganaji ni wingi. Ukijaribu kuwa vyote viwili katika zamu ileile, kila raundi, unalipa gharama ya vyote na kupata nusu ya kila kimoja.

Kitendo kimoja cha ziada, wagombea kibao

Kila zamu una kitendo kimoja, mwendo wako, na kitendo cha ziada kimoja tu, tena ikiwa una kitu cha kukifanyia. Nje ya zamu yako una kitendo kimoja cha kujibu. Mpiganaji wa daraja la 2 ana ule msukumo wa ghafla unaompa kitendo kizima cha pili, mara moja mpaka apumzike. Lakini haumpi kitendo cha ziada cha pili, na wala haumpi pigo la kushtukiza la pili katika zamu hiyo. Hili husahaulika sana.

Nani wanagombea kitendo cha ziada? Ayari wa 2 anakitumia kukimbia, kujiondoa salama karibu na adui, au kujificha. Mpiganaji anakitumia kuvuta pumzi ya pili na kurudisha uhai: dadu ya pande 10 pamoja na daraja lake la upiganaji. Mwenye silaha mbili anakitumia kupiga kwa mkono wa pili. Kanuni za hiari za 2020 zilimpa ayari wa 3 uwezo wa kutulia na kulenga, asisogee hata hatua moja, kwa kubadilishana na nafuu. Nao unakula kitendo kilekile. Wote wanapita mlango mmoja.

Kwa sababu hiyo siupendi mtindo wa silaha mbili kwa mhusika huyu chini ya kanuni za 2014. Unapendeza machoni, sime mbili zinazopishana gizani, lakini kila ukipiga kwa mkono wa kushoto umeamua kutokujificha, kutokujiondoa na kutokuvuta pumzi. Kanuni za 2024 zimeulegeza mkazo huu. Zimeleta umahiri maalum wa kila silaha, na mmojawapo, ule wa jambia na kitara kwa mfano, unaruhusu lile pigo la mkono wa pili liingie ndani ya kitendo cha kushambulia chenyewe. Kitendo cha ziada kinabaki huru. Sime ina umahiri mwingine: ukimgusa adui, shambulio lako linalofuata dhidi yake lina nafuu, na nafuu ndiyo funguo ya dadu zako. Chini ya kanuni hizo mpya, kitara mkono mmoja na sime mkono mwingine ni chaguo ambalo ningelitetea mbele ya yeyote. Chini ya zile za 2014, upanga mwembamba na ngao.

Ndiyo, ngao. Nitalirudia hilo mbele.

Hesabu kidogo

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo tupime. Tuseme wahusika wawili wa daraja la 8, wote wameanza na Wepesi 16, wote wana upanga mwembamba wa dadu ya pande 8 na mtindo wa upiganaji unaoongeza madhara 2 kwa anayeshika silaha moja ya mkono mmoja. Adui ana ulinzi wa 16, yaani namba ambayo rusho lazima liifikishe ili limguse.

Wa kwanza ni mpiganaji halisi wa 8. Amepata nafasi tatu za kuongeza alama, kwa hiyo Wepesi wake ni 20 na bado ana kipaji kimoja mkononi, yaani uwezo maalum unaochukuliwa badala ya alama. Anashambulia kwa +8, anahitaji 8 au zaidi kwenye dadu, sawa na asilimia 65. Kila pigo linaleta wastani wa 11.5. Mapigo mawili, ukizingatia yanayokosa na kuacha kando mapigo ya bahati ya 20, yanaleta karibu 15 kwa raundi.

Wa pili ni mpiganaji wa 5 na ayari wa 3. Amepata nafasi moja tu, Wepesi 18, anashambulia kwa +7, asilimia 60. Kila pigo ni 10.5, kwa hiyo mawili yanaleta 12.6. Lakini ana dadu mbili za pigo la kushtukiza, wastani wa 7, na kwa kuwa anaweza kuzitumia kwenye pigo lolote kati ya mawili litakaloingia, uwezekano wa kuzitumia ni asilimia 84. Hiyo inaongeza 5.9. Jumla ni kama 18.5.

Tofauti ya 3.5 kwa raundi si ya kuimbiwa nyimbo, hasa ukikumbuka mwenzake ana kipaji kizima cha ziada. Na imekuja kwa sharti kwamba rafiki amesimama karibu na adui. Ila kuna jambo moja linalobadilisha mizani, na ndilo linalonifanya nimpende mhusika huyu.

Rudi kwenye maneno ya kanuni: mara moja katika zamu. Si mara moja katika raundi. Raundi ni mzunguko wa zamu za watu wote, na zamu ya adui ni zamu nyingine. Ukipata njia ya kumpiga mtu kwenye zamu isiyo yako, dadu zako zimerudi mezani.

Njia hiyo ipo upande wa mpiganaji. Akifika daraja la 3 anachagua tawi, na tawi la mtaalamu wa mbinu linampa dadu nne za pande 8 na mbinu tatu za kuzitumia. Dadu hurudi kila baada ya mapumziko mafupi. Mojawapo ya mbinu ni kulipiza: adui akikushambulia kwa karibu akakosa, unatumia kitendo chako cha kujibu kumpiga papo hapo, na dadu ya mbinu inaongezwa kwenye madhara. Kama rafiki yako bado amesimama pale, pigo la kushtukiza linaingia tena. Kwa mhusika wetu pigo moja la namna hiyo likiingia lina wastani wa 22: 10.5 za upanga, 4.5 za dadu ya mbinu, 7 za kushtukiza. Ayari peke yake hana zana hii, na mpiganaji peke yake anayo lakini haina sumu. Wakikutana, ndipo mchanganyiko unapojilipa.

Na sasa utaona kwa nini nilitaja ngao. Kulipiza kunahitaji adui akukose, na adui hakukosi kama hujajikinga.

Deraya na kelele

Kanuni za deraya zina safu ndogo inayosema kama vazi linakutia kikwazo kwenye kunyemelea. Deraya zote nzito zinakutia. Katika zile za uzito wa kati, ya magamba na ile inayokaribia kufunika mwili mzima zinakutia. Fulana ya minyororo na bamba la kifua hazikutii. Kwenye nyepesi, ya ngozi na ya ngozi yenye misumari ziko safi, ila ile ya kitambaa cha kushonewa pamba, godoro la kuvaa, ina kikwazo. Sijawahi kukutana na mtu aliyenieleza kwa nini godoro lina kelele kuliko minyororo.

Kikwazo ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Chukua mhusika mwenye +7 kwenye kunyemelea anayehitaji kufikisha 15. Kwa kawaida anafaulu asilimia 65. Akivaa deraya yenye kikwazo, anatakiwa dadu zote mbili zifaulu, na asilimia inaporomoka hadi 42.

Chaguo linafuata Wepesi. Ngozi yenye misumari inakupa ulinzi wa 12 pamoja na nyongeza yako yote ya Wepesi. Bamba la kifua linakupa 14 lakini linahesabu nyongeza isiyozidi 2, kwa hiyo linakwama kwenye 16. Wepesi ukifika 18, ngozi nayo inakupa 16, kwa sarafu 45 za dhahabu badala ya 400. Ukifika 20 inakupa 17. Kwa kifupi, bamba ni la yule aliyeanza na Wepesi mdogo, na hata yeye ataliuza.

Ngao inaongeza 2 na haina kikwazo chochote cha kunyemelea kwenye kanuni. Ayari halisi hajui kuitumia. Ukichukua daraja la upiganaji unaijua hapo hapo. Wengi hawaivai kwa sababu picha vichwani mwao ni ya mtu mwembamba mwenye kofia ya joho na mikono mitupu. Picha ni nzuri. Ulinzi wa 18 ni mzuri zaidi.

Anayependa upinde ana njia yake: mtindo wa upiga mishale unaongeza 2 kwenye kulenga, na hiyo ni nyingi sana kwenye mchezo huu. Ila asitegemee kulipiza, maana mbinu hiyo ni ya silaha za mkononi. Na kama mhusika ni wa jamii ya watu wafupi, upinde mrefu unahesabiwa mzito kwake kwenye kanuni za 2014 na unampa kikwazo, achukue mfupi.

Uanze wapi, ufuate nini

Daraja la kwanza kabisa lina uzito kuliko mengine, kwa sababu fani unayoanza nayo ndiyo inayokupa kinga zako na stadi nyingi. Ukianza ayari unapata stadi nne, kunyemelea ikiwamo. Ukianza mpiganaji unapata mbili, kisha moja utakapoingia uayari. Tofauti ya mwisho, kumbe, ni stadi moja tu. Kwa upande wa pili mpiganaji anaanza na uhai zaidi kwa pointi 2, na kinga ya Siha, inayokusaidia dhidi ya sumu na mengi mengine. Ayari ana kinga ya Wepesi, inayokutana na moto wa joka na milipuko ya wachawi.

Mimi huanza na ayari, na sababu yangu si stadi bali ubobezi. Ayari wa 1 anachagua stadi mbili ambazo nyongeza ya umahiri inahesabiwa mara mbili. Daraja la 5, Wepesi 18, kunyemelea kwake ni +10 badala ya +7. Lile jaribio la 15 linapanda kutoka asilimia 65 hadi 80. Ubobezi huo utaupata hata ukichelewa, lakini madaraja ya mwanzo, ambapo kila mtu ana uhai kiduchu na vita moja ya kukwepwa ni ushindi, ndiyo unapouhitaji zaidi.

Baada ya hapo, kosa ninaloliona mara nyingi ni kukaa kwenye uayari mpaka wa 3 kwa tamaa ya tawi. Hesabu: ayari wa 3 kwanza maana yake shambulio la pili linakuja daraja la 8 la jumla. Kwa madaraja matatu mazima, kuanzia la 5, wenzako wamepiga hatua kubwa na wewe umesimama. Ayari wa 1, kisha mpiganaji hadi 5 bila kugeuka, unalipata daraja la 6. Umechelewa kwa daraja moja tu. Njiani umepata msukumo wa ghafla, tawi la mtaalamu wa mbinu na nafasi ya kuongeza alama. Ndipo unarudi kuchukua ayari wa 2 na ule uwezo wa kujificha au kujiondoa kwa kitendo cha ziada, wa 3 kwa dadu ya pili ya kushtukiza, na wa 4 usiuache, kwa sababu una nafasi nyingine ya alama.

Anayecheza kwa kanuni za 2024 ana sababu nyingine ya kuukimbilia upiganaji mapema. Mpiganaji wa 2 wa kanuni hizo akishindwa jaribio la stadi anaweza kutumia pumzi yake ya pili kuongeza dadu ya pande 10 kwenye rusho hilo, na kama bado ameshindwa, pumzi haihesabiwi kuwa imetumika. Kunyemelea ni jaribio la stadi.

Matawi yanayojadiliwa sana

Mtaalamu wa mbinu nimeshamtetea. Nyongeza za 2020 zilimpa pia mbinu ya kuvizia: unaongeza dadu yake kwenye kunyemelea au kwenye rusho la kuamua nani aanze. Kwa mhusika huyu ni kama imekatwa kwa kipimo chake. Tawi la shujaa, lenye pigo kuu, lile la bahati, likitokea kwa 19 na 20, ni rahisi kucheza na halina ubaya, kwa kuwa pigo kuu linazidisha na dadu za kushtukiza. Ila linangoja bahati.

Kwa upande wa ayari, kila mtu hutaja muuaji wa siri. Kanuni za 2014 zinampa nafuu dhidi ya yeyote ambaye hajapata zamu yake bado, na kila pigo lake dhidi ya aliyeshtukizwa ni pigo kuu moja kwa moja. Ukiweka na msukumo wa ghafla wa mpiganaji, raundi ya kwanza inaweza kuwa ya kutisha: mashambulizi manne, yote makuu yakigusa. Tatizo liko kwenye neno aliyeshtukizwa. Chini ya kanuni hizo, adui anashtukizwa pale tu asipotambua hatari yoyote. Mwenzako mmoja akisikika, umekosa. Nimecheza kampeni nzima na muuaji wa namna hii, na siku alizofanya maajabu nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kanuni za 2024 ziliondoa kabisa pigo hilo kuu la lazima, na kushtukizwa sasa ni kikwazo kwenye rusho la kuanza tu.

Ayari wa mazingaombwe, kwa upande mwingine, hudharauliwa bila haki. Kwa uganga wake mdogo anaweza kujipatia kiumbe msaidizi, ndege au mnyama mdogo. Kiumbe huyo akimsaidia dhidi ya adui, una nafuu, na nafuu ndiyo ile funguo. Hutegemei tena mtu mwingine asimame mahali fulani.

Na msasi wa gizani, tawi lililotoka 2017, ndiye anayeshindana kweli na ayari kwa nafasi ya fani ya pili. Akiwa wa 3, kwenye kanuni zake za awali, anaongeza Busara kwenye rusho la kuanza, anapata shambulio moja zaidi raundi ya kwanza lenye dadu ya pande 8 ya ziada, na wale wanaotegemea macho ya gizani hawamwoni gizani. Mpiganaji wa 5 na msasi wa 3 ana raundi ya kwanza nzito kuliko ya ayari. Kuanzia ya pili, ayari anampita polepole.

Wenzako wana makelele

Yote haya hayana maana kama kundi zima linatembea pamoja na kasisi amevaa chuma kutoka kichwani hadi vidoleni. Kuna njia tatu, na ni vyema mzijadili kabla ya mchezo kuliko mbele ya mlango wa ngome.

Ya kwanza ni jaribio la kundi: wote wanarusha, na nusu yao wakifaulu, kundi limefaulu. Wewe mwenye +10 unambeba mmoja. Ya pili ni uganga wa kufuta nyayo, ambao unampa kila aliye ndani ya futi 30 ya aliyeuita +10 kwenye kunyemelea kwa muda wa hadi saa moja. Msasi anaupata daraja la 5. Usijinyime madaraja matano kuufuata, mwombe mwenzako. Ya tatu ni wewe kutangulia, na hapo ndipo kujificha kabla ya vita kunapolipa: unajua wako wangapi, unajua mlango upi haujafungwa, na vita ikianza umeshasimama upande ambao hawakuutarajia.

Muulize pia msimamizi wa mchezo anavyoamua maficho. Mwaka 2014 kunyemelea kwako kunapimwa dhidi ya utambuzi tuli wa kila adui, yaani 10 pamoja na nyongeza zake, na msimamizi ndiye anayesema kama mahali panafaa. Adui mwenye macho ya gizani anaona giza kama mwanga hafifu, ambao hushusha utambuzi wake tuli kwa 5. Mwaka 2024 unahitaji kwanza kufikisha 15, ukiwa nyuma ya kizuizi kinachokufunika robo tatu au zaidi, au penye giza au ukungu mzito, na adui asiwe anakuona. Mhusika mmoja anaweza kuwa kivuli kwenye meza moja na mzigo kwenye nyingine.

Ukibahatika kucheza hadi daraja la 20, kuna njia panda moja. Mpiganaji wa 11 anapata shambulio la tatu. Ayari wa 11, kwa kanuni za 2014, anapata uhakika: stadi anayoijua, dadu ikitoka chini ya 10, inahesabiwa 10. Zote mbili huwezi kuzipata. 11 na 11 ni 22. Mimi ningekwenda na ayari wa 11 na mpiganaji wa 9. Dadu 10, Wepesi 5, ubobezi 12: kunyemelea kwake hakushuki chini ya 27, hata siku yake mbaya kuliko zote. Joka jekundu la kale, katika kanuni hizo hizo, lina utambuzi tuli wa 26. Bahati mbaya, ndani ya futi 60 joka hilo halihitaji macho.